Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyeusaka uvimbe kwa gari

Ukiwa Mbulu au Hanang ukapapasa shingo ya mwanao na kukuta tezi imevimba, utajiuliza mambo mawili: ni nini, na umefika wapi? Maswali hayo yalimsumbua sana daktari tunayemkumbuka leo.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi, akauacha akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alifika Uganda; alianzia Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye kidogo akaona mwingine, huyu akiwa na uvimbe tumboni pia. Alipopekua mafaili akabaini kuwa uvimbe wa taya na wa tumbo, uliodhaniwa kuwa magonjwa tofauti, ni ugonjwa mmoja: saratani ya mfumo wa limfu, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Fikiria hali ya siku hizo. Kujua saratani imeenea wapi, daktari alitegemea vidole vyake, eksirei na kisu. Mengine yaligundulika mtoto akiwa ameshafariki.

Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri takribani kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kuwa ugonjwa huo huonekana zaidi maeneo ya chini yenye joto na mvua, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Baadaye ulihusishwa na malaria pamoja na kirusi kilichotangazwa mwaka 1964. Lakini wewe wa Mbulu usibweteke kwa sababu ya baridi yenu: saratani nyingine za tezi hazichagui mwinuko.

Leo kazi ile ya kisu huanza na picha. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haiumizi wala haina mionzi. Tezi yenye afya huonekana kama punje ya haragwe. Iliyoingiliwa na saratani mara nyingi huwa ya mviringo. Siti skani huonesha tezi zilizojificha ndani ya kifua na tumbo.

Hata hivyo, picha peke yake haimalizi ubishi. Kifua kikuu nacho huvimbisha tezi, na tezi ndogo inaweza kuficha saratani. Ndiyo maana daktari akiomba kuchukua kinyama cha kupima, usikimbie.

Uvimbe mwingi wa watoto hutokana na maambukizi ya koo au meno, na hupungua. Ukidumu zaidi ya wiki mbili, ukikua, ukiwa mgumu, au mtoto akikonda, akitoka jasho usiku au meno yakilegea taya likivimba, usiuchanje wala kuuchoma. Mpeleke hospitali mapema.

Burkitt alifariki mwaka 1993, akiwa amewaona watoto wengi wakipona kwa dawa, hata pale kisu kilipokuwa kimeshindwa. Waliochelewa kuletwa hawakuwa na bahati hiyo. Wako asichelewe.