Dostoevsky, mwandishi aliyetafuta mtaji kwenye meza ya kamari

Agosti 1865, katika mji wa Wiesbaden, kwenye nchi ya Wajerumani, mgeni mmoja kutoka Urusi alikuwa akitoka hotelini kila siku saa tisa alasiri na kurudi saa kumi na mbili jioni. Hakuwa na pa kwenda. Alitoka ili watu wadhani amekwenda kula. Siku tano tu zilikuwa zimetosha kumaliza fedha zake zote na saa yake ya mfukoni, na mwenye hoteli alikuwa ameagiza asipewe chakula tena, ila chai. Baadaye akanyimwa hata mshumaa wa usiku.

Mgeni huyo alikuwa Fyodor Dostoevsky, aliyezaliwa Moscow mwaka 1821 na ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa riwaya duniani. Shida hakuzianzia Wiesbaden. Mwaka 1849 alihukumiwa kifo kwa makosa ya siasa, akasamehewa akiwa tayari uwanjani mbele ya bunduki, akapelekwa Siberia kufanya kazi ngumu miaka minne. Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni gurudumu.

Kamari ilimwingia sawasawa mwaka 1863. Akiwa Wiesbaden alishinda zaidi ya faranga 10,000 kwenye mchezo wa ruleti. Alizipeleka chumbani, akazifungia kwenye begi, akaamua kuondoka mjini. Hakuondoka. Alirudi mezani na nusu yake ikaenda. Sehemu ya zilizobaki alizituma Urusi kwa ajili ya mkewe, aliyekuwa mgonjwa. Siku chache baadaye, huko Baden-Baden, alipigwa tena mpaka akaishiwa, akaandika nyumbani kuomba sehemu ya fedha alizotuma irudishwe. Mfanyabiashara aliyewahi kuchukua ada ya shule ya mtoto ili ajazie mzigo anaielewa barua ya namna hiyo.

Alikuwa na nadharia yake, na aliishikilia miaka yote. Aliamini kwamba siri ya kushinda ni kutulia: ukicheza bila jazba, huwezi kushindwa. Kila alipopoteza alijilaumu kwamba moyo ulimwenda mbio, akajiahidi kwamba safari ijayo atajizuia. Hivyo kila hasara ilimpa sababu ya kurudi.

Lakini jazba haikuwa kiini cha hasara yake. Ruleti ina nambari 1 hadi 36, na juu yake kuna sifuri. Anayepata nambari yake hulipwa kana kwamba sifuri haipo, na pengo hilo dogo ndilo linalomlisha mwenye nyumba mwaka mzima. Utulivu haubadilishi hesabu hiyo. Wala gurudumu halina kumbukumbu: likikunyima mara kumi mfululizo, mara ya kumi na moja halina deni nawe. Mchuuzi akipata hasara mara tatu kwenye nyanya anaweza kuuliza kama tatizo ni barabara, msimu au dereva, akabadilisha kitu. Dostoevsky hakuwa na cha kubadilisha ila idadi ya fedha aliyoweka mezani.

Mwaka 1864 mkewe alifariki, na baada ya miezi michache akafariki kaka yake Mikhail, waliyekuwa wakiendesha pamoja jarida. Mikhail aliacha familia na madeni makubwa. Dostoevsky aliyabeba yote, akatia saini hati za ahadi hata kwa watu ambao hawakuonyesha ushahidi wa kudai. Hapo ndipo mchapishaji Stellovsky alipomkamata. Alimpa rubli 3,000 kwa masharti kwamba riwaya mpya ifike mikononi mwake ifikapo Novemba 1, 1866. La sivyo, angechapisha kazi za Dostoevsky kwa miaka tisa bila kumlipa chochote. Kumbe Stellovsky alikuwa amekwisha kununua kwa bei ya chini baadhi ya hati za madeni ya mwandishi huyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya rubli hizo ilimrudia mwenyewe.

Oktoba ilipoingia, riwaya haikuwa na hata ukurasa mmoja. Marafiki walimshauri atafute mwandishi wa hati mkato, akaletwa Anna Snitkina, msichana wa miaka 20. Kwa siku 26 alisema naye akaandika. Riwaya iliitwa Mcheza Kamari. Siku ya kukabidhi, Stellovsky hakuonekana, na ofisini kwake walikataa kuipokea. Mwandishi akaipeleka kituo cha polisi na kupewa stakabadhi yenye tarehe. Bila karatasi hiyo angepoteza kila kitu.

Alimwoa Anna Februari 1867. Miezi miwili baadaye walikimbilia Ulaya kuwakwepa wadai, kwa fedha ambazo bibi harusi alizipata kwa kuweka rehani vyombo vyake vya ndani. Kiangazi hicho, Baden-Baden, zilifuata hereni zake, bruchi, pete za ndoa, hata nguo. Mumewe alipiga magoti akilia, kisha akaomba nyingine. Anna hakumgombeza. Alikuwa amegundua kwamba akishapoteza hurudi kwenye kuandika.

Mwaka 1871, akimwona amekwama kabisa kazini, ni Anna mwenyewe aliyempa thala kadhaa aende Wiesbaden. Zote zilikwenda. Akamtumia 30 za nauli, nazo zikaenda. Usiku huo Dostoevsky alikimbia gizani kumtafuta padri wa Kirusi, akafika kwenye jengo alilodhani ni kanisa, kumbe ni sinagogi. Alirudi, akamwandikia mkewe barua ya kuapa kuacha. Viapo vya aina hiyo alikuwa amevitoa mara nyingi, ila hiki alikitimiza. Ni haki pia kusema kwamba kufikia mwisho wa 1872 nyumba za kamari za Ujerumani zilifungwa kwa sheria. Alirudi huko baadaye kwa matibabu na meza hazikuwepo.

Walirejea Urusi Julai 1871, na wadai wakapata habari. Mmoja alitishia kukamata samani na kumtia Dostoevsky gereza la wadaiwa. Anna alimjibu kwa hesabu. Nyumba ilipangwa kwa jina lake yeye, samani zilichukuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa hiyo hapakuwa na cha kukamata. Na mume akifungwa, mdai ndiye atakayelipia chakula chake gerezani, huku yeye na watoto wakipanga chumba karibu na gereza, na senti moja haitapatikana. Mdai akakubali kulipwa kwa awamu.

Kisha Anna akaingia kwenye biashara. Mwaka 1873 walichapisha wenyewe riwaya ya Mashetani, nakala 3,500, zikiuzwa nyumbani kwao. Aliwapa punguzo wenye maduka waliochukua nyingi, lakini kwa fedha taslimu. Waliotaka mali kauli aliwakatalia. Kitabu baada ya kitabu, aliendelea hivyo. Mwaka 1880 alifungua biashara ya kuwatumia vitabu wateja wa mikoani. Madeni ya Mikhail yalimalizika kulipwa kama mwaka mmoja kabla ya Dostoevsky kufariki, mwanzoni mwa 1881.