Billy Tipton: Maisha ya Mpiga Piano

Wasomaji wa Shaaban Robert wanamjua Siti binti Saad, aliyeingia katika taarabu ilipokuwa bado kazi ya wanaume, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Siti aliupita mlango huo akiwa mwanamke. Miaka michache baadaye, huko Marekani, mwanamuziki mwingine aliukuta mlango kama huo umefungwa, akaupita kwa njia nyingine.

Billy Tipton alizaliwa tarehe 29 Desemba 1914 mjini Oklahoma City, akaitwa Dorothy Lucille na kulelewa kama msichana. Alikulia Kansas City, akajifunza piano na saksofoni. Alipoanza kutafuta kazi, yapata mwaka 1933, uchumi ulikuwa umeporomoka na bendi za jazi hazikuwa na haja ya msichana. Alijifunga kifua kwa kitambaa, akavaa suti, akapata kazi. Mwanzoni suti ilikuwa ya jukwaani tu. Kufikia mwaka 1940 aliishi kama mwanamume usiku na mchana.

Mwandishi wa Kiingereza hulazimika hapa kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume. Kiswahili humpunguzia mzigo huo, kwani kiambishi a- hakibagui. Hata hivyo hakimwachilii kabisa: mtu ama huoa ama huolewa. Tipton alioa. Wanawake watano, kwa nyakati mbalimbali, walijulikana kama Bi. Tipton, ingawa hapakuwa na ndoa ya kisheria. Kile kitambaa alikieleza kuwa ni cha majeraha ya ajali ya gari. Pamoja na Kitty, wa mwisho, alilea wavulana watatu wa kuasili.

Riziki yake ilikuwa ya usiku mmoja mmoja, kama aijuavyo kila mpiga muziki wa harusi, awe Lodwar au Lamu. Mwaka 1957 kundi lake la watu watatu lilitoa santuri mbili, zikauzwa zaidi ya nakala 17,000. Mwaka uliofuata hoteli moja ya Reno ililitaka liwe bendi yake. Tipton alikataa, akahamia Spokane kuwa wakala wa kuwatafutia wanamuziki wengine kazi. Wengi husema aliogopa umaarufu ungemfichua. Yamkini ni kweli. Lakini hata mshahara wa uhakika ni sababu tosha kwa mtu wa miaka 43 aliyechoka kulala njiani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 yabisi ya viungo ilimtoa kazini. Aliishi kwa ufukara katika nyumba ya magurudumu, akiugua na kukataa daktari. Wanaodai kwamba alijigeuza kwa ajili ya ajira tu wana kazi ya kuieleza miaka hiyo, kwa kuwa ajira haikuwapo tena na suti hakuivua. Alifariki tarehe 21 Januari 1989 kwa kidonda cha tumbo kilichovuja damu. Mwanawe William, aliyekuwa kando yake, alipata habari pamoja na wahudumu wa dharura waliomfungua shati.