William Morris: Fundi wa Samani Aliyeichukia Israfu

Jina la Morris likitajwa, wazee wengi wa Mombasa hukumbuka motokaa. Ni kweli, palikuwa na Mwingereza aitwaye William Morris aliyeunda motokaa hizo mjini Oxford, lakini siye nitakayemsimulia leo. Ninayemkusudia ni William Morris mwingine, aliyefariki mwaka 1896, miaka mingi kabla motokaa ya kwanza ya jina hilo haijatoka kiwandani. Huyu alikuwa mtu wa viti, mazulia, vitambaa na karatasi za kupambia kuta. Nimemchagua kwa sababu swali lililomsumbua maisha yake yote linatugusa hata sisi wa pwani: nyumba itapendezaje bila mwenyewe kufilisika?

Morris alizaliwa tarehe 24 Machi, 1834, huko Walthamstow karibu na London. Baba yake alikuwa tajiri, mwenye hisa katika machimbo ya shaba, na alipofariki mwaka 1847 aliiacha jamaa yake katika raha. Kijana alikwenda Oxford mwaka 1853 akiwa na nia ya kuwa kasisi, lakini moyo wake ukavutwa na majengo ya kale na kazi za mikono.

Mwaka 1856 yeye na rafiki yake Edward Burne-Jones, aliyekuwa mchoraji, walipanga vyumba mtaa wa Red Lion Square, London. Vyumba vilikuwa vitupu. Wakazunguka madukani kutafuta viti na meza, wasione kitu cha kuwaridhisha. Wakati ule viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitoa samani kwa wingi, zenye nakshi za kubandika na vanishi ya kung'aa juu ya mbao hafifu. Basi Morris akachora mwenyewe meza na viti vizito vya mbao tupu, akampa seremala wa jirani avitengeneze. Marafiki wakavichukua na kuvipaka picha kwa rangi. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza.

Mwaka 1859 alimwoa Jane Burden, binti wa mtunza farasi, na mwaka uliofuata wakahamia nyumba yao mpya iliyoitwa Red House, iliyochorwa na rafiki yake Philip Webb. Huko pia walipamba kwa mikono yao wenyewe: wanawake walitarizi mapazia, wanaume walipaka rangi dari na makabati. Kutokana na kazi hiyo wakaanzisha kampuni mwaka 1861.

Kati ya vitu vyote walivyouza, kilichonivutia zaidi mimi ni kiti kidogo kiitwacho Sussex. Hakikubuniwa na msanii. Kilikuwa kiti cha zamani cha watu wa shamba. Meneja wa kampuni alikikuta huko Sussex, wakakiiga. Miguu yake ni myembamba, mbao zimepakwa rangi nyeusi, na pa kukalia pamefumwa kwa majani ya mtoni yaliyosokotwa, kama mafundi wetu wanavyofuma viti kwa kamba. Kisichokuwa na mikono kiliuzwa kwa shilingi 7 za Kiingereza. Matajiri walikinunua, na mtu wa kipato cha wastani naye alikimudu. Pa kukalia pakitoboka, hapana haja ya kukitupa. Pafumwe upya, kiti kirudi kazini.

Lakini vitu vingine vya Morris havikuwa hivyo. Karatasi zake za ukutani zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, rangi moja baada ya nyingine. Vitambaa alivitia rangi ya nili na ya mizizi ya mimea, naye mwenyewe alizama katika mapipa hata mikono ikageuka buluu. Kazi ya namna hiyo hula siku nyingi, na siku za fundi zina bei. Kwa hiyo walioweza kununua wakawa ni wenye mali tu. Yasimuliwa kwamba siku moja, akiwa anapamba jumba la tajiri mmoja wa viwanda vya chuma, alifoka kwa hasira kwamba umri wake unakwisha kwa kuwahudumia matajiri katika anasa zao.

Hapa ndipo palipokuwa na donda lake. Aliamini kwamba uzuri ni haki ya kila mtu kama vile hewa na maji, huku kazi ya mikono yake ikiishia katika majumba makubwa. Mwaka 1883 aliingia katika chama cha kisoshalisti, akawa anahutubia wafanyakazi barabarani, mvua na jua, hata baadhi ya vitabu vyake vya thamani akaviuza kusaidia harakati hizo. Wako waliomcheka kwa kuwa mwenye kiwanda na msoshalisti kwa wakati mmoja. Mimi naona afadhali mtu anayeiona kasoro hiyo ikamnyima usingizi kuliko asiyeiona kabisa.

Tena hakuwaacha maskini mikono mitupu. Katika mihadhara yake aliwashauri watu waondoe nyumbani kila kisichokuwa na manufaa wala uzuri. Aliona heri ukuta uliopakwa chokaa safi, mwanga na kivuli vicheze juu yake, kuliko karatasi mbaya ya bei rahisi. Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu hahitaji kufafanuliwa zaidi: ukuta mweupe, vidaka vyake, mkeka chini na kiti kimoja cha enzi, basi chumba kimejaa.

Fundisho lake la pili lahusu vitu vya kale. Mwaka 1877 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kuhifadhi majengo ya zamani, kwani wajenzi wa siku zile walikuwa wakikwangua kuta za makanisa makuukuu ili yaonekane mapya. Morris alisema kufanya hivyo ni kuua, si kuhifadhi. Dawa ni kukitunza kitu kila siku, na kuziba ufa ungali mdogo.

Shauri hilo lafaa samani pia. Mimi nina kabati la mvule nililorithi, na wengi walinihimiza nilipige msasa mpaka mbao iwe mpya, kisha nimwage vanishi. Nilikataa. Nililipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, likakauka kivulini, bawaba iliyolegea ikakazwa, kisha nikalisugua kwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo. Gharama ilikuwa ndogo, na rangi iliyowekwa na miaka ikabaki. Msasa ungeila hiyo rangi kwa nusu saa, na nakshi ingekwenda nayo.

Morris alipenda mno kazi za nchi za Kiislamu, hasa mazulia ya Kiajemi. Mwaka 1893 makumbusho ya South Kensington, London, yalimtuma akalikague zulia la Ardabil, lililofumwa mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540. Alilisifu sana, likanunuliwa kwa pauni 2,000. Zulia hilo lilikuwa na pacha wake. Yalipochakaa, moja lilikatwa vipande ili kuliziba jingine. Lililosalimika liko London, na lililokatwa liko Los Angeles, Marekani. Ardabil hakuna hata moja.

Wasomaji wangu, nasi tujihadhari. Wako wanunuzi wapitao mitaani wakiulizia viti vya enzi, makasha na vitanda vya samadari. Mwenye nyumba huona ametua mzigo, akapokea fedha kidogo, akaziongezea deni ili anunue makochi ambayo baada ya miaka michache yatakuwa yamebonyea. Kabla ya kuuza, aite seremala kwanza amwulize kutengeneza ni kiasi gani.

William Morris alifariki tarehe 3 Oktoba, 1896, akiwa na miaka 62. Daktari mmoja alisema maradhi yake ni kufanya kazi ya watu kumi. Alizikwa kijijini Kelmscott. Jeneza lake lilikuwa la mbao zisizo na mapambo, likachukuliwa kwa mkokoteni wa shamba uliofunikwa matawi ya miti. Aliyewapambia matajiri majumba alikwenda kwa gharama ndogo, na hapana aliyesema kwamba hakupendeza.