Griffith, jamaa wa nyufa

Asubuhi huku Kianjokoma, Embu, baridi si mchezo. Ukimimina chai inayochemka kwenye gilasi iliyolala nje, unasikia tak! Chai yote mezani. Unalaumu gilasi, sivyo? Kuna jamaa aliyefariki mwaka 1963 ambaye angekuuliza kwanza kama ilikuwa na mkwaruzo.

Jina lake Alan Arnold Griffith. Alizaliwa London mwaka 1893, akasomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Liverpool, na mwaka 1915 akaingia Farnborough, kituo cha serikali ya Uingereza cha utafiti wa ndege.

Pale kuna swali lilimkosesha raha. Hesabu zilisema kioo kinafaa kuwa imara ajabu. Mbona basi kinavunjika ovyo? Akayeyusha kioo, akakivuta kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi zile zikastahimili karibu mara 20 kuliko ufito mnene wa kioo kile kile! Akang'amua kuwa kioo cha kawaida kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana, na huko ndiko kuvunjika kunakoanzia. Mtazame fundi wa vioo mtaani kwenu: anachora mkwaruzo mmoja tu, anabonyeza, kioo kinafuata mstari.

Mwaka 1921 hesabu yake ilichapishwa. Mimi chuo niliacha, lakini naielewa hivi: kitu ukikivuta kinaweka nguvu ndani, kama mpira wa manati. Ufa ukirefuka, nguvu hiyo inaachiliwa. Lakini kuurefusha ufa nako kunakula nguvu. Ufa ukiwa mfupi, unatulia. Ukipita urefu fulani, unakimbia wenyewe, na hapo hakuna wa kuuzuia. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Griffith aliwapa hesabu yake.

Alishangiliwa? Wapi! Inasimuliwa kuwa msaidizi wake alisahau kuzima moto wa gesi usiku, maabara ikaungua, na wakubwa wakaamuru waache kupoteza wakati. Griffith akahamia injini za ndege, na mwaka 1939 akaenda Rolls-Royce, akakaa huko hadi 1960. Wahandisi wengi wakaiweka hesabu ya nyufa kando.

Sasa sikia. Mei 2, 1952, ndege ya Comet ilifungua safari za abiria kwa injini za jeti, London hadi Johannesburg. Ilitua hata hapa jirani, Entebbe. Januari 10, 1954, ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 wakafa.

Uchunguzi ulifanywa wapi? Farnborough, kule kule. Waliitia Comet nyingine kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza presha na kuitoa, tena na tena, mpaka bodi ikachanika. Ule mzigo wa kila safari ulikuwa umekuza ufa mdogo kwenye kona ya tundu lililokatwa kwenye bodi.

Kwa hivyo ukiona ufa kwenye nguzo ya ploti unayokodi, usiseme ni kadogo. Weka alama ya kalamu ulipoishia, uandike tarehe. Wiki ijayo angalia tena. Ukiwa umesonga, mpigie mwenye ploti siku hiyo hiyo, na usilale chini yake.