Imam Ghazali na tiba ya hasira

Juzi pale Mtumba, Dodoma, saa za watumishi kutoka ofisini, watu wawili walikaribia kushikana mashati wakigombea kiti cha daladala. Mzee mmoja akamkalisha mmoja wao, akampa maji. Bwana yule akatulia, lakini hadi tunashuka mjini alikuwa bado ananung'unika. Nikamkumbuka Imam Abu Hamid al-Ghazali.

Alizaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 1058. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Alikuwa bingwa wa mijadala, na ugonjwa wake ulikuwa humo humo. Abdul-Ghafir al-Farisi, aliyemfahamu, ameandika kuwa Ghazali wa zama hizo alikuwa mkali, mwenye kiburi na kudharau watu.

Mwaka 1095 ulimi ukafunga. Darasa likamshinda, chakula hakikushuka, matabibu wakakata tamaa wakisema maradhi yametoka moyoni. Akaacha cheo, akaenda Sham. Kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) akaweka ahadi: hatapokea mali ya watawala, hatawaendea, wala hataingia tena katika mabishano.

Ndani ya Ihyaa Ulumid-Din ameweka kitabu kizima kuhusu ghadhabu. Kwanza anafuata mafundisho ya Mtume (s.a.w.): aliyesimama akae, aliyekaa alale, atawadhe. Pili ni tiba ya fikra: mtu azingatie malipo ya anayezuia hasira, matokeo ya uadui, hata sura yake inavyoharibika anapofoka. Lakini zote hizo ni za kuzima moto uliokwishawaka. Kubwa kwake ni kung'oa mizizi, nayo ni kiburi, kejeli, ubishi, na uroho wa mali na cheo.

Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliopitia tafiti 154 walieleza kuwa kuutuliza mwili, kwa mfano kupumua taratibu, kunapunguza hasira. Kuimwaga kwa kufoka au kupiga vitu hakusaidii. Mzee wa daladala alikuwa sahihi, basi, ila aligusa hatua ya kwanza tu. Ya mizizi haimalizwi kwa glasi ya maji, nayo ndiyo Ghazali aliyoitumia kwa nafsi yake.

Al-Farisi alipomtembelea baada ya safari zile alimkuta mpole. Alidhani anajifanya. Akamchunguza, akaridhika kuwa mtu amebadilika kweli. Mwaka 1106 Ghazali alirudi kufundisha, huko Nishapur, kwa kusihiwa na waziri, kisha akarejea Tus, alikofariki Desemba 1111.