Mama Harriet Powers na Mfarishi Wake wa Viraka

Katika kijitabu hiki tumeona tuweke pia maisha ya mama mmoja wa mbali. Wengi wetu tunashona mashuka ya viraka ya kuuza, na huyu mama ndiye mshonaji wa viraka anayejulikana kuliko wengi duniani. Jina lake ni Harriet Powers, Mmarekani mweusi.

Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia. Athens hii siyo ile ya Ugiriki. Alizaliwa mtumwa, maana kule mtoto wa mtumwa alihesabiwa mali ya bwana tangu siku ya kwanza. Mwaka 1855 aliolewa na Armsted Powers, wakapata watoto wasiopungua 9, na baadhi yao walifariki. Utumwa ulifutwa mwaka 1865 baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, basi wakaanza maisha bila kitu, kwani mtu akiachiwa huru hakupewa hata jembe. Lakini kufika miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao la eka 4. Eka 4 siyo kitu kidogo kwa mtu aliyewahi kuhesabiwa pamoja na ng'ombe.

Kushona alijua. Mfarishi wake wa kwanza tunaoujua aliupeleka kwenye maonyesho ya pamba pale Athens mwaka 1886. Una picha 11 katika safu 3, zote ni vipande vya nguo vilivyokatwa umbo la watu, wanyama, jua na nyota, vikashonewa juu ya kitambaa. Ni habari za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vile vipande 30 vya fedha. Alitumia mkono na alitumia cherehani pia, kwa hiyo wale wanaosema eti kazi ya cherehani si kazi halisi, jibu hilo hapo.

Hapa tuseme kidogo habari za ufundi, maana ukiangalia picha ya mfarishi ule utaona vyumba vyake havilingani upana. Kimoja chembamba, kingine kipana. Katikati ya chumba na chumba ameweka ukanda wa kitambaa, na ukanda ndio unaoshika kazi yote. Kila fundi wa viraka anajua tabu hii. Ukiunga vipande ovyo shuka linavimba katikati kama chapati, au pembeni linafanya mawimbi. Sisi katika kikundi tunakata kwa kufuata uzi wa kitambaa, kwa sababu kilichokatwa upogo kinavutika. Mshono ni robo inchi kila mahali, siyo hapa robo na pale nusu. Ukikosea kidogo tu kwenye mishono 8, safu moja inazidi nyingine kwa inchi nzima. Tunaunga safu kwanza, tunapiga pasi kwa kukandamiza bila kuburuta, halafu ndipo tunaunga safu na safu. Ukanda wa pembeni tunaupima kwa kupitisha futi katikati ya shuka, siyo ukingoni, maana ukingo umeshavutika na utakudanganya. Mwisho tunapima pembe hadi pembe, kulia na kushoto. Vipimo viwili vikiwa sawa, shuka ni mraba kweli na litalala kitandani bila kupinda.

Turudi kwa Mama Harriet. Pale kwenye maonyesho kulikuwa na mwalimu wa sanaa, mwanamke mzungu aitwaye Jennie Smith. Alipouona mfarishi alimtafuta mwenyewe mpaka akampata, akataka kuununua. Harriet alikataa katakata, kwa bei yoyote. Ilipita miaka kama 4, hali ikawa ngumu. Harriet sasa akawa tayari kuuza, lakini mwalimu naye wakati huo hakuwa na fedha. Baadaye alipopata alituma habari, na Harriet akaja kwa gari la ng'ombe, mfarishi ameupakata magotini, umefungwa ndani ya mfuko safi wa unga, na juu yake gunia. Aliomba dola 10. Mwalimu akasema ana 5. Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi, akakubali 5.

Akina mama, sehemu hii tuisome taratibu. Nusu bei! Siyo kwamba hakujua thamani, maana aliukatalia miaka yote ile. Ni shida ilimfikisha mlangoni, na aliyekuja na shida hana nguvu ya kusema ngoja. Wangapi kati yetu, kabla ya kuanza kuweka na kukopa, waliuza mbuzi au cherehani kwa bei ya kutupa kwa sababu ya ada ya shule? Mama Harriet hakuwa na mahali pa kukopa dola 5 arudishe baada ya mavuno.

Kabla ya kuondoka alimweleza mwalimu maana ya kila picha, moja moja, na mwalimu akaandika. Ndiyo maana tunazijua leo.

Miaka ya 1890 shamba nalo liliuzwa kidogokidogo, na mumewe akaondoka. Yeye aliendelea kushona. Mfarishi wa pili una picha 15, safu 3 za picha 5, na humo hakuweka Biblia peke yake: kuna usiku wa Novemba 1833 nyota zilipoanguka kama mvua, na baridi kali ya Februari 1895. Alifariki tarehe 1 Januari 1910, akazikwa palepale Athens. Kaburi lake lilikuja kutambuliwa mwaka 2005. Mfarishi wa kwanza uko makumbusho ya taifa Washington, na wa pili uko makumbusho ya Boston.

Baada ya kuuza, Harriet alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mwalimu kuuangalia tu mfarishi wake, kama mtu anayekwenda kumsalimia mtoto aliyeolewa mbali. Kilichompoza kidogo ni kwamba mwalimu alimwahidi kumwekea mabaki yake yote ya vitambaa. Gunia letu la mabaki liko kwa mweka hazina. Mwanachama anayetaka kuanza shuka aje achague.