Mtakatifu Yohane Bosco na Sahihi Nne za Mkataba Mmoja

Kila tarehe 31 Januari, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, padre aliyeyatoa maisha yake kwa ajili ya vijana wa Torino, nchini Italia. Wengi wetu tunamfahamu kama mwanzilishi wa shule na karakana nyingi. Leo tunapenda kumtazama kwanza kama mtoto ambaye nusura akose elimu, kwa sababu waliomzunguka hawakuwa na kauli moja.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi. Baba yake alifariki dunia kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alimfundisha katekisimu kwa mdomo na kumwandaa yeye mwenyewe kwa Komunyo ya Kwanza. Yohane alitamani shule. Antonio, kaka yake wa baba mmoja, alilipinga jambo hilo, akiona kwamba jembe linatosha kuwa shule ya mkulima. Ugomvi ulizidi hata mama akalazimika, mwaka 1828, kumtoa mwanawe nyumbani akawe kibarua katika shamba la familia nyingine.

Mwaka 1829 padre mzee wa Morialdo, Don Calosso, aliutambua uwezo wa kijana huyo, akaanza kumfundisha Kilatini. Mwaka uliofuata padre huyo alifariki ghafla, na tumaini la masomo likakatika pamoja naye. Hapo ndipo wengine walipoingia. Margherita alimgawia Antonio sehemu yake ya urithi ili amani irudi, na majirani wakamsaidia kijana kwa nafaka. Hivyo mwaka 1831 Yohane alikwenda kusoma Chieri, akaketi darasani na watoto wadogo ilhali yeye alikuwa na miaka 16. Sehemu ya gharama za malazi aliilipa kwa kumfundisha mtoto wa mwenye nyumba.

Hatuna budi kuizingatia historia hiyo. Mama alikuwa na imani, lakini hakuwa na uwezo wa kumsomesha. Padre alikuwa na elimu, lakini alikuwa peke yake, na alipoondoka hapakuwa na wa kuipokea kazi yake. Mtoto alisonga mbele pale tu nyumba, majirani na shule viliposhikana mikono.

Baada ya kupewa Daraja Takatifu ya Upadre tarehe 5 Juni 1841, Don Bosco alianza kutembelea magereza ya Torino. Aliwakuta humo vijana waliokwisha kufunguliwa na kurudishwa tena, kwa kuwa huko nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Wengi walikuwa wametoka vijijini kutafuta kazi mjini, mbali na wazazi na bila parokia iliyowafahamu. Siku ya Pasaka ya mwaka 1846 alipata makao ya kudumu katika kibanda huko Valdocco. Mwezi Novemba mwaka huohuo mama yake aliacha nyumba yake, akaja kuwa mama wa vijana hao. Aliwapikia, akawashonea nguo, na akauza hata vito vyake vya arusi kwa mahitaji yao. Jioni, baada ya kazi, palikuwa na masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu.

Don Bosco hakuishia hapo. Wanagenzi wengi walikuwa wakipigwa na kutumikishwa kazi zisizohusiana na ufundi waliokuja kujifunza. Kuanzia mwaka 1851 aliwaandalia mikataba. Katika mkataba wa Februari 1852 wa kijana aliyejifunza useremala tunazikuta sahihi nne: ya fundi, ya kijana, ya baba yake na ya Don Bosco. Fundi aliahidi kumfundisha kazi kikamilifu, kumrekebisha kwa maneno wala si kwa kipigo, na kumwachia siku za Mungu. Kijana aliahidi utii na bidii. Baba alisimama kuwa mdhamini wa mwanawe, na padre alijifunga kuufuatilia mwenendo wake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba malezi ya kijana yule ni kazi ya mwingine.

Mama Margherita alifariki tarehe 25 Novemba 1856. Tarehe 18 Desemba 1859 likazaliwa Shirika la Wasalesiani, ambalo leo linaendesha vyuo vya ufundi hata hapa kwetu, kama vile Dodoma na Iringa. Don Bosco aliaga dunia mwaka 1888, na Papa Pio XI akamtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 1 Aprili 1934.

Wapendwa wazazi na walezi, mtoto anapoacha shule mara nyingi kila mmoja wetu humnyoshea kidole mwenzake: mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mzazi, nasi mapadre hupata habari baada ya muhula kupita. Mwaka huu wa masomo, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo na iwatambue kwa majina wanafunzi wake. Mzazi asingoje kuitwa shuleni ndipo aende. Mwalimu anayeona kiti kitupu kwa siku tatu awe na mtu wa kumpigia simu katika jumuiya ile. Sisi mapadre tuwe tayari kuketi nao meza moja, na kuweka sahihi yetu.